Mtoto Aliyeniita Mama

Kirumba, Mwanza

Mama yangu mpenzi, Bi Time,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakupa mkono na naubusu wako, ule wa kulia wenye kovu la kisu cha muhogo. Vipi magoti? Vipi pumzi ukirudi shamba? Usiniambie huendi tena shamba, nakujua. Vipi kaka Bakari na kikohozi chake? Na vipi wifi yangu Zuwena, ambaye najua ndiye anayekusomea sasa hivi, miwani iko kwenye ncha ya pua? Wifi, salamu zako ziko chini, usizikimbilie. Nakuomba jambo moja tu: soma yote. Ukifika pazito usiruke ukasema "hapa anasalimia watu". Mama kazika mume, kazika mjukuu, na barua hii ataimudu.

Miye ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Bado niko kwa Bi Nunuu, yule mjane wa Tumbe aliyehamia huku na marehemu mumewe. Asubuhi napika mikate ya kumimina tunaiuza kibarazani. Wateja wangu Wasukuma wananisalimu "mwangaluka" na miye naitika "mwangaluka", nikijaribu kuongeza neno la pili nachekwa mpaka chai inapoa. Mji ni wa majabali, nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku. Samaki wao ni sato, mnene, mzuri wa kutazama, lakini kakulia maji yasiyo chumvi, na kila nikimla nahisi mpishi kasahau kitu. Pweza namuota.

Shuleni walitufundisha kuandika "madhumuni ya barua hii ni". Madhumuni nayajua, Mama, kuyaandika ndiko kugumu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ukisikia sauti yangu imebadilika na wewe unalia, na mimi nalia, basi tunalia tu na habari haifiki. Hii ni habari ya Salha. Nitaianza mwanzo, ingawa mwanzo wake unaujua kuliko mimi, kwa sababu nataka uone ilipofika.

Mwanangu Maryam alikufa kabla arobaini ya uzazi wake haijatimia. Tulimzika asubuhi, na mchana wake kitoto chake, Salha, kilikuwa mapajani mwangu kinatafuta titi. Suleiman, mkwe wetu, alilia, akamaliza khitma, akarudi huku Mwanza kwenye duka lake la spea za pikipiki, akaniachia mtoto. Hakunilazimisha wala sikumwomba. Kwetu mtoto wa kwanza hukaa kwa bibi hata mama yake akiwa hai, seuze yatima. Na ng'ombe haelemewi na nunduye.

Alipoanza kusema akaniita Mama. Angeniita nani? Hidaya na Kombo, watoto wangu wa mwisho, walikuwa wananiita hivyo humo humo ndani, na yeye akashika. Siku ya kwanza nilishituka, nikakutazama wewe. Ulikuwa unachambua karafuu, ukasema bila ya kuinua kichwa, "Mwacheni ntoto. Nlezi ndo mama. Kwani mkin'kataza, mtan'pa nani?" Nyumba nzima ikakubali. Jina la Maryam likawa halitajwi mbele yake, na kaburini hatukumpeleka. Sikuona ubaya, na ukiniuliza hata leo sioni. Mtoto mdogo hufunikwa.

Kisha Suleiman akaoa. Mkewe ni Rehema, mtu wa Tabora. Akaja huko kwetu Ole, akasema anataka mwanawe asome akiwa naye. Salha alikuwa na miaka minne. Ni baba yake, Mama, ningemwambia nini? Nilimfungasha mwenyewe. Pale bandarini mtoto alinililia, nikamwambia maneno ambayo kila mtu humwambia mtoto anayelia: "Nenda na baba, mama atakuja." Nani hajapata kuyasema? Umeyasema wewe, kayasema wifi, na watoto wote wakanyamaza wakasahau. Salha hakusahau.

Mwanzo tulikuwa tunapigiana simu. Kila tukikata, mtoto anagoma kula. Suleiman akasema, "Mama, simu tuzipumzishe kidogo." Kidogo hicho kikaota mizizi. Ikawa nikipiga anapokea yeye tu: mtoto kalala, mtoto yuko chuoni kwa Kurani, mtoto anaoga. Nikamwambia kaka Bakari, huyu mtoto anaogeshwa sana, atachubuka. Ndipo nilipofunga safari kabla ya msimu wa karafuu, na nyinyi mkanisema kuwa nakimbia kazi.

Suleiman alinipokea dukani, si nyumbani. Kiti kanipa, soda kaagiza, kanipeleka mwenyewe mpaka kwa Bi Nunuu kanibebea begi. Adabu zake zote zipo, humtoi kasoro. Lakini nilipouliza Salha namwona lini, akaanza kupanga upya boksi za plagi ambazo zilikuwa zimepangwa. "Nipe muda, Mama," akasema. Nikampa muda. Muda ukanichosha, nikaenda skuli.

Nilijua wale wadogo hutoka adhuhuri. Nikasimama ng'ambo ya barabara karibu na muuza miwa, nimejikunyata ndani ya buibui langu kama mwizi. Nilitaka kumwona tu. Wallahi, Mama, kumwona tu. Akatoka. Kawa mrefu, miguu yote, na jino la mbele limeng'oka. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Akapiga ukelele, "Mama!" akavuka barabara bila ya kutazama popote, bodaboda ikafunga breki, akanirukia tumboni. Rehema alikuwa getini amekuja kumchukua, kashika chupa yake ya maji. Wanawake wote waliokuja kuchukua watoto wakageuka kumtazama yeye. Nikamsikia mmoja akisema, "Kumbe ni wa kambo!" Uso wa yule mwanamke niliuona, Mama, na natamani nisingeuona.

Salha alinishika buibui kwa mikono miwili akaniuliza, "Umekuja kunichukua?" Tulimbandua kidole kimoja kimoja, Rehema huku na mimi huku, hatutazamani.

Jioni yake Suleiman akaja kwa Bi Nunuu. Hakukaa. Akasema, "Mama, nakuheshimu, na heshima yako haitapungua. Lakini ntoto n'wangu, na mie nimekataa. Usim'pigie, usende skuli, usim'fate."

"Unanikataza damu yangu, Suleiman?"

"Nakukataza neno moja, nalo hutaki kuliacha. Huyu ntoto hajui kama mama yake kafa."

Nilimjibu majibu ambayo hata ningeyaandika wifi asingeweza kuyasoma kwa sauti. Akayasikiliza yote mpaka yakaisha, akasema "Shikamoo", akaondoka.

Jambo la huku bara, Mama, ni kuwa kila mtu ananiita mama. Wa bodaboda ananiita mama. Muuza mchicha, mama. Mlinzi wa benki, mwanamume mzima mwenye mvi, ananiita mama. Ni mmoja tu aliyekatazwa. Siku zile nilikuwa nikiitwa njiani nageuka, na kila nikigeuka roho inanichoma.

Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa mwenyewe ni msichana, mpole, sauti ndogo. Nilikuwa nimejitayarisha kuambiwa bibi hana haki, nimekwenda na maneno ya kupigania. Hakusema hivyo. Alisema bibi anaweza kuomba kumwona mjukuu na akasikilizwa, lakini baba yu hai, si mlevi, hapigi, mtoto anakula na anasoma. Baba kama huyo akikataa, huulizwa kwanza kwa nini anakataa. "Tumsikilize, mama, kabla hatujamshitaki." Sikuridhika. Nikamwendea shehe wa msikiti wa jirani, kwa sababu nilijua kuwa katika sheria yetu mama akifa malezi ya mtoto humwendea bibi mzaa mama kabla ya baba. Shehe akanikubalia, akasema ndiyo, haki hiyo ipo na mtoto bado ni mdogo. Nikafurahi. Kisha akauliza, "Bi Riziki, tukikupa haki hii, mtoto utamwambia wewe ni nani?" Nilimchukia kwa swali lile. Sikunywa hata kahawa yake.

Wakatukutanisha pale pale ofisini: afisa, shehe, Suleiman, Rehema na mimi. Nilikuwa nimemwekea Rehema maneno yake, nikijua atasema anataka yeye ndiye aitwe mama. Hakusema hivyo.

"Bibi," akasema, "mimi sidai kuitwa mama. Aniite Rehema, aniite shangazi, aniite anavyotaka. Lakini huyu mtoto kila akirudi shule anauliza, mama kaja? Akisikia hodi anakimbia yeye wa kwanza, akikuta siyo wewe anarudi kukaa. Wiki ile kabla hujamfuata shuleni aliniambia, 'Mama alinigawa kwa sababu nilikuwa namwaga maziwa.' Sasa kila akinywa maziwa anashika kikombe kwa mikono miwili, hata tone halimwagiki, halafu ananitazama. Mimi nimjibu nini, bibi?"

Mama, maziwa yale unayakumbuka. Alikuwa anamwaga makusudi ili paka apate, na sisi tunamgombeza huku tunacheka. Kumbe mtoto kakaa huku miaka miwili akijua mama yake yu hai, yu mzima, na hamtaki.

Suleiman alikuwa anatazama chini. Akasema polepole, "Aliyefiwa na mama hulia akanyamaza, Mama. Mie nilifiwa mdogo, najua. Lakini wangu mie ana mama yu hai na haji. Huyo atanyamaza lini?" Kisha akatoa sharti lake. Nitamwona mtoto kila nitakapo, nije nyumbani, nilale, hata likizo nimchukue Ole. Lakini kwanza nimwambie ukweli, na nimwambie mwenyewe. Yeye akimwambia, au Rehema, mtoto atasema wanamdanganya ili wamsahaulishe. "Wewe utaaminiwa," akasema.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimewasema watu kwa msemo huu umri wangu wote, Mama, nikimsema hata wifi kwa watoto wake. Siku ile uliniangukia mwenyewe.

Nilikwenda Jumamosi baada ya adhuhuri. Rehema kapika pilau, katutandikia mkeka sebuleni, kisha kaingia jikoni kaacha mlango wazi. Salha alikuja akakaa mapajani, na siku hizi hatoshi tena, miguu inagusa chini. Maneno niliyoyapanga yalinikimbia yote. Nikasema tu, "Salha, miye si mama yako."

Akacheka. Alidhani natania.

"Miye ni bibi yako. Mama yako alikuwa mwanangu, akiitwa Maryam. Alikuzaa wewe, akakupenda sana, akafa wewe ungali mchanga. Hakukugawa. Asingekugawa hata kwa dawa."

Akanitazama mdomo, kama anangoja uendelee useme kitu kingine. "Kwa hiyo hawezi kuja?"

"Hawezi."

"Hata likizo?"

"Hata likizo, mwanangu." Nikajisahihisha: "mjukuu wangu." Neno hili, Mama, lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Nilingoja kilio. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, hata maji ya kumnywesha nimeyaweka karibu. Hakulia. Alishuka mapajani, akakaa mbele yangu, akakunja miguu yake vizuri, akauliza kwa Kiswahili chake kipya cha bara, "Kwa hiyo mimi nimefiwa?"

"Ndiyo."

"Kama Neema?"

Neema ni mwenzake wa darasani, kafiwa na baba. Kwao walifunga turubai uwanjani, viti vikapangwa, na watoto wa darasa wakapelekwa na mwalimu wao wakapita mbele ya Neema mmoja mmoja wakimpa mkono. Nikasema ndiyo, kama Neema.

Akafikiri. Akaniuliza, "Mbona mimi hakuna aliyenipa pole?"

Ukumbuke msiba wa Maryam, Mama. Watu walikuja mpaka kutoka Chokocho na Unguja. Walinipa pole miye, walikupa wewe, walimpa Suleiman, mpaka majirani walipeana wenyewe kwa wenyewe. Yeye alikuwepo. Alikuwa ndani ya kanga, akipokewa mkono huu kwenda mkono ule, kila mtu akimpakata na kumbusu kichwa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Mwenye msiba alikuwa ni yeye.

Nikanyosha mkono. "Pole, Salha."

Akaupokea kwa mikono miwili, kama watu wazima. "Ahsante, bibi."

Hakuna aliyemfundisha. Neno bibi alilisema mwenyewe, mara moja tu, na mimi nikavunjika pale pale mkekani, nikalia mbele ya mtoto badala ya mtoto kulia mbele yangu. Rehema akatoka jikoni anafuta mikono kwa kanga, akapiga magoti, akampa mkono: "Pole, Salha." Suleiman alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Salha ndiye aliyemwendea, akamnyoshea mkono, akamwambia, "Pole, baba." Hapo ndipo mtoto alipolia. Alilia sana, Mama, kifuani kwa baba yake, si kwangu, na miye nilikaa mkekani nikiwatazama. Kisha akanyamaza kama Suleiman alivyosema. Akala pilau. Akalala.

Sasa namwona nitakapo. Nimeshakwenda mara kadhaa, nimemsuka, nimemfundisha kusukuma chapati. Ananiita bibi kila saa, kama mtu aliyepewa kitu kipya anakijaribu, na kila akiniita natazama nyuma yangu nione bibi mwenyewe ni nani. Moyo umevunjika, sikufichi. Nilizika mtoto mmoja kule, na naona kama nimezika wa pili huku kwa mdomo wangu mwenyewe, ilhali mtoto yuko mbele yangu mzima anakula. Usinambie nishukuru. Nashukuru. Lakini inauma.

Na kuna jambo lililonifanya niandike upesi. Alipoamka siku ile aliniuliza kama watu wa Ole wanajua kuwa yeye kafiwa. Nikamwambia wanajua.

"Wote?"

"Wote."

"Basi wao watanipa lini?"

Suleiman amekubali. Ijumaa baada ya sala atapiga simu, na simu atashika Salha mwenyewe. Wakusanye watu, Mama, wakae pale ukumbini. Msimwambie nyamaza, wala msianze kumweleza amri ya Mungu, ataielewa akikua. Msimwambie kawa mkubwa. Mpeni pole tu, mmoja mmoja, na kila mtu angoje aitikiwe ndipo ampe simu mwenzake.

Aanze kaka Bakari, mjomba aliyemshusha Maryam kaburini. Kisha wifi Zuwena, uliyemwosha. Na hizi ndizo salamu zako, wifi yangu, nilizokuahidi. Mpe pole kwa ile sauti yako ya kawaida, ukianza kulia mpe mwengine simu. Hidaya na Kombo waambieni kuwa huyo si mdogo wao, ni mtoto wa dada yao, na pole wampe kwa hivyo. Mwalimu wake wa chuo aje, alimfundisha alifu. Jirani yetu Mzee Faki aliyechimba kaburi aje, na mkewe aliyepika chakula cha wageni siku zote tatu. Asiyeweza kuja apelekewe simu mpaka dirishani kwake.

Na wewe, Mama, uwe wa mwisho. Mwambie unaitwa nani kwake, kwa sababu hilo pia hatukuwahi kumwambia. Radhi zako naziomba, na dua zako.

Mwanao,
Riziki, bibi yake Salha